Glasi ya Mjomba Evelio

Jumanne, 5 Machi

Reinier, yule mtembeza watalii, kapita tena Calle Ocho, mtaa wetu Wakuba wa Miami, na watalii ishirini, kofia za majani vichwani, kila mmoja na sigara nene asiyojua kuivuta. Aliponiona kwenye dirisha la kuuzia kahawa akaniuliza, msomi, hizo shahada zako zinapikwa na maharage au zinaliwa hivihivi? Foleni nzima ikacheka. Nimeamua. Nitatembeza wageni mwenyewe. Wachache, watu makini. Hakuna kofia. Utamaduni wa kweli uko jikoni kwa Bibi.

Alhamisi, 7 Machi

Bibi Herminia, aliyenilea tangu mama afariki, kakataa. Kasema nyumba hii si baa. Nikambembeleza: watakula maharage meusi na ndizi za kukaanga, wataondoka. Kisha akasema haya, lakini sebuleni kwa marehemu asiingie mtu. Nikaapa. Huko kuna meza ya kitambaa cheupe na glasi saba za maji, moja kwa kila marehemu wetu. Ya katikati ni ya Mjomba Evelio, mwanawe, aliyekufa kwa kiu baharini akitoroka Kuba, siku ya tisa juu ya chelezo cha matairi. Bibi huibadilishia maji kila asubuhi kabla hajagusa kahawa yake. Miaka thelathini sasa.

Jumamosi, 9 Machi

Wageni sita. Mambo yalikwenda vizuri mno, ndipo nikaharibu. Niliwaza: Reinier hana kitu kama kile. Bibi alikuwa akigeuza ndizi. Nikawafungulia sebule, dakika mbili tu. Joto kali. Nikiwa katikati ya maelezo, mzee mmoja wa Ohio akadhani ni maji ya wageni. Akainywa glasi ya Evelio yote, akashukuru. Bibi alikuwa mlangoni na mwiko. Hakupiga kelele. Alimuuliza yule mzee, kwa Kihispania asichokielewa, kama kiu imeisha.

Jumapili, 10 Machi

Bibi hasemi nami. Nimeijaza glasi upya, maji ya chupa, ya bei. Kayamwaga. Nikamweleza kwamba kianthropolojia tukio lile laweza kusomeka kama ukarimu. Hapo akafungua mdomo. Akasema mwanangu alikufa akiomba maji, Maidelys. Wewe ulisomea wapi?

Jumatano, 13 Machi

Mama mdogo Zoraida kaja na gari. Bibi anahamia kwake, Hialeah. Glasi saba zimefungwa kwenye mataulo. Nilibeba masanduku, Bibi hakunitazama. Niliporudi sebuleni nikakuta kitambaa kimeachwa mezani, na juu yake glasi ya nane, imejaa maji. Nyuma yake, picha yangu ya mahafali.

Nimeelewa. Katika familia hii hawekewi maji mtu aliye hai.

Kisha nikaisogeza taa kidogo, picha ionekane vizuri kutoka mlangoni. Reinier hana kitu kama hiki. Jumamosi, saa nne, wageni wanane. Nitawaambia wasiguse.