Nyayo Kando ya Kijito

Jumatatu, 3 Juni
Miaka kumi na mmoja nafuta vumbi kwenye mafuvu ya makumbusho, na Mtafiti wa wanyama bado ananiita "wewe wa ufagio". Leo kawaambia wageni kwamba mtu-mwitu wa msituni ni porojo: hakuna unyayo, hakuna unywele. Unyayo tu? Atapata! Nimechonga mguu wa mbao. Mke wangu kauliza ni wa kiti gani. Nikasema cha wageni.

Jumatano, 5 Juni
Asubuhi, msituni. Nimepiga chapa nyayo kumi na mbili kwenye tope la kijito. Kazi safi! Ndege wote kimya. Wana adabu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimempeleka Mtafiti. Kapiga magoti, kapima, kasema nyayo ni ishirini na nne. Nikacheka. Nikahesabu. Kicheko kikanikauka. Kando ya kila unyayo wangu, mwingine: mrefu zaidi, umedidimia kina cha kiganja. Huu ni wa mbao, kasema, hata kipofu angejua. Ule mwingine kaukodolea macho. Kachomoa unywele kwenye gome, juu kuliko kichwa chake. Kisha kaniita ndugu yangu, mara ya kwanza, akaninong'oneza tuondoke polepole, nisigeuke. Tukitembea, kitu kilitembea. Tukisimama, kilisimama.

Ijumaa, 7 Juni
Mtafiti kalinganisha unywele na vielelezo vyote: nyani, sokwe, mbuzi, binadamu. Haufanani na chochote. Kanisihi nisikanyage tena kule. Leo anaupeleka mwenyewe maabara ya mji mkuu, mwendo wa siku nzima. Nimemshtukia! Anataka sifa peke yake. Na zile nyayo nyingine kapiga chapa nani kama si yeye?

Jumamosi, 8 Juni
Unyayo mmoja mlangoni petu, mbichi, unachuruzika maji. Mke wangu kakimbilia kwa dada yake, kanililia twende wote. Mimi huyo! Nimefuata tope hadi ukingo wa msitu, nikampigia Mtafiti simu: nimeshakujua, toka! Kaapa yuko mji mkuu. Nyuma yake nikasikia honi za magari. Kanipigia kelele nirudi nyumbani, jamani, nirudi. Papo hapo, kichakani mbele yangu, kitu kikaguna. Mguno mzito, wa kifuani.

Nimekata simu. Mjanja kweli: anaongea mji mkuu na kuguna huku! Naandika haya kisikini, upesi. Matawi yanatikisika. Naingia kumfumania.