Palizi ya Siri kwa Bibi Aikande

Jumapili, 21 Desemba

Leo tumeokota vikaratasi. Desturi ya ukoo wa mke wangu, Mama Clara: Noeli ikikaribia, kila mtu nyumbani anaokota jina la mtu wa kumhudumia, na haruhusiwi kumwambia yeyote. Huduma ikijulikana, imeharibika. Nimempata Bibi Aikande, mjane wa hapa hapa Bagara, macho yake yamefifia. Nitampalilia mahindi.

Tatizo ni hiyo siri. Jumapili ijayo jumuiya yetu ya kanisani inachagua mwenyekiti, na sijawahi kutaka kitu hivi tangu nilipomtaka Mama Clara. Mpinzani wangu ni Marseli, fundi cherehani, ambaye hata akipiga chafya watu wanasema ni mcha Mungu. Sitasema neno. Lakini nikionekana kwa bahati mbaya, kosa ni la nani?

Jumatatu, 22 Desemba

Fulana nyekundu, ya kuonekana hadi kule Bonga. Nimeanza upande wa barabarani saa kumi, muda ambao wanakwaya hutoka mazoezini. Mvua! Wakabaki kanisani. Alipita mbuzi mmoja, na hapigi kura.

Bibi akatokea mlangoni, akauliza ni nani. Nikaendelea kupalilia. Akasema asante Marseli mwanangu. Nikakohoa kikohozi changu kile kinachojulikana mtaa mzima. Akasema Marseli aingie anywe chai ya tangawizi, kifua kimebana. Nikanywa. Ilikuwa nzuri, nakiri.

Jumanne, 23 Desemba

Mbinu mpya. Nimemwachia Salvatory, katibu wa jumuiya, barua isiyo na jina. Ameisoma kwenye sala ya jioni: kwamba yupo mwanajumuiya mnyenyekevu, mwenye kipaji cha uongozi, anayempalilia mjane kwa siri. Watu wote wakamgeukia Marseli. Marseli akakana kabisa. Wakasema angalieni unyenyekevu huo, wakampigia makofi. Nami nikapiga, maana Mama Clara alikuwa ananitazama.

Jumatano, 24 Desemba

Sikutaka kwenda. Nikaenda, mistari minne ilikuwa imebaki. Bibi alileta kigoda akakaa karibu. Akamwambia Marseli, yaani mimi, kwamba hii ni Noeli ya tatu wanawe hawaji, na kwamba sauti ya jembe nyuma ya nyumba inamfanya ajisikie ana watu. Nilisahau kabisa kuangalia barabara. Nikamaliza shamba lote, nikafagia na uwanja.

Nimesikia baadaye kwamba kwaya nzima ilipita. Nilikuwa nimechuchumaa kule mwisho, nang'oa magugu.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Baada ya Misa Mama Clara alimleta Bibi tule naye pilau. Nilipokuwa namnawisha, akanishika mkono, akasema taratibu kwamba alinijua tangu Jumatatu. Nani Bagara hakijui kikohozi kile? Lakini marehemu mama mkwe wangu alikuwa rafiki yake, na desturi yetu anaijua. Akaniita Marseli makusudi, ili mpita njia asisikie jina langu na huduma yangu ikaharibika. Akasema hiyo ndiyo zawadi aliyokuwa nayo ya kunipa.

Nililia. Nikasingizia vitunguu vya kachumbari. Nampenda sana bibi huyu. Nimemwomba Mungu msamaha, na mambo ya kutafuta kuonekana nimeachana nayo leo.

Jumapili, 28 Desemba

Uchaguzi. Marseli kura thelathini na moja, mimi mbili. Marseli akanikumbatia, akaninong'oneza kwamba ya pili, mbali na ile niliyojipigia, ni yake. Mama Clara amekiri waziwazi kwamba yake alimpa Marseli. Anasema ananipenda, na cheo kingenimaliza.

Sikuumia hata kidogo. Uenyekiti ni wa watu wanaopenda kuonekana. Mimi wiki hii nimejifunza unyenyekevu, na ni uchoyo kukaa nao peke yangu. Kwa hiyo nimeomba jioni nzima mwezi ujao niifundishe jumuiya, na bango la kubandika mlangoni mwa kanisa nimeshaagiza. Litakuwa na picha yangu nimeinamisha kichwa. Tumepiga picha kumi na nne ndipo kichwa kikainama vizuri.