Mshenga wa Mfukoni

Tangu Nachingwea ipate mtandao, haijawahi kuzaa kichwa kama cha Kipriani! Hilo alilisema mwenyewe, akalirudia kila kijiwe, mpaka mbuzi wa sokoni wakalikariri.

Simu yake ilikuwa na akili mnemba inayoiendesha yenyewe: inafungua, inatafuta, inasoma, inajibu, bosi kakunja nne tu. Kazi ya bosi ilikuwa moja: kuiandikia maelezo ya kila zana iliyomo, ili ijue ishike ipi na wakati gani.

"Andika zana inafanya nini, itumike lini, isitumike lini," akaambiwa na Eva, mwalimu wa kompyuta aliyepangiwa kazi Nachingwea kutoka Iringa. "Iandikie kama unamwagiza mgeni asiyejua hata mlango wa nyumba yako."

"Dada Eva, hayo ya chekechea! Hii ina akili. Inataka lugha ya heshima."

Akaiandikia lugha ya heshima. Zana ya picha: "Humfunulia mgeni hazina za bosi." Zana ya kusoma meseji: akaona uvivu kutunga upya, akanakili maelezo yaleyale ya picha. Zana ya kuzima: "Huhitimisha jambo kwa kishindo." Akajisoma, akajipigia makofi.

Yote hayo kwa ajili ya Makrina wa Narung'ombe, kule Ruangwa. Mwenye neno la mwisho juu ya Makrina alikuwa mjomba wake, Mwalimu Richard, mstaafu aliyefelisha nusu ya wilaya. Mjomba akisema hapana, hata baba mzazi anakunja mkeka. Na siku ya posa muoaji hafungui mdomo. Anayeongea ni mshenga.

Mshenga alikuwepo, mzee wa Marambo, kashavaa koti na viatu. Kipriani akamwacha mlangoni. "Pumzika, mzee wangu. Mshenga nimemtia mfukoni!"

Narung'ombe, baada ya shikamoo, akaisimamisha simu juu ya kigoda, kisha akatulia kimya kama picha ya kitambulisho.

"Mshenga yuko wapi?" Mwalimu akauliza.

"Ndiye mimi, Mwalimu. Shikamoo!" ikajibu simu.

Mwalimu akavaa miwani. "Marahaba. Kijana wako ana mali gani?"

Hilo simu ilishakaririshwa. "Bosi ana shamba la mikorosho mia tatu."

"Nilione."

Simu ikaangalia zana zake. Ikakuta mbili zenye maelezo yaleyale, neno kwa neno. Ingejuaje, maskini? Ikaokota ya meseji. Ikatafuta mikorosho, ikaipata, ikasoma kwa sauti tamu ya mtangazaji wa redio:

"Bosi kwa rafiki yake Twaha, siku ya Jumanne. 'Oya, njoo unipige picha kwenye mikorosho ya Mama Dionisia kabla hajarudi kutoka kliniki. Nataka nikamzuge mjomba.'"

Kipriani akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi cha mtu anayezama. Lakini kikohozi hakikuandikiwa maelezo.

"Endelea, mshenga," akasema Mwalimu.

"Jibu la Twaha: 'Je, akishtukia?' Bosi akasema..."

"Zima!" Kipriani akaropoka, mila ikavunjika vipande. "Zima wewe! Zima!"

Zana ya kuzima ilikuwepo, nayo huhitimisha jambo kwa kishindo. Simu ikapandisha sauti mpaka mwisho. Fundi baiskeli ng'ambo ya barabara akaweka spana chini asikilize vizuri.

"BOSI: 'ATASHTUKIA WAPI? KIZEE KILE NA MIWANI YAKE HAKIJUI KOROSHO WALA KOKOTO!' MWISHO WA MESEJI. ASANTENI SANA!"

Kipriani akainyakua simu. Halafu jikoni mtu akacheka mpaka sufuria ikaanguka. Alikuwa Makrina.

"Simu hii uliiandikia nini? Hebu lete hayo maelezo," akasema Mwalimu. Akayasoma yote, kalamu nyekundu mkononi; alistaafu ualimu, kalamu haikustaafu. "Alama mbili kati ya ishirini. Umeandika sifa, hukuandika kazi."

"Mjomba, ni mashine tu, imenielewa vibaya..."

"Imeelewa ulichoandika. Sasa mtu asiyeweza kuagiza simu, nimkabidhi binti?"

Kipriani akainuka aage. Makrina akachungulia mlangoni, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Mjomba, usimfukuze bado. Kwani si mchumba hufanya kazi ukweni kwanza? Na salfa, ile dawa ya mikorosho yako, msimu huu atapuliza nani?"

Mwalimu akafikiri. Akachana karatasi, akaandika pole pole, akaibana na pini kifuani pa Kipriani:

"Jina la zana: Kipriani. Inafanya nini: hupuliza salfa kwenye mikorosho ya mjomba, miti mia tatu, ya kweli. Itumike lini: kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mpaka msimu uishe, ndipo jibu la posa litolewe. Isitumike: kuongea."

Kesho yake, saa kumi na mbili kamili, zana ilikuwa shambani, pampu mgongoni. Ilifanya kazi bila hitilafu yoyote.