Kutu ya Ini, Rangi Mara Mbili

Jumatatu, 5 Machi 2012
Nimetoka kliniki, Braamfontein, hapa Johannesburg. Daktari Kemunto, yule Mkenya, amesoma damu yangu. Virusi vimekaa kwenye ini miaka mingi, vimemaliza vitu vya mwilini vinavyolilinda. Nikasema sielewi. Akafikiri, akasema ini ni kama chuma kinachoshika kutu.
Kutu! Mimi miaka sita nakwangua kutu ya mageti, Malvern. Akaongeza nile mboga na matunda, niache bia, nisiguse miti shamba. Huko mwisho sikusikiliza sana. Nilishaanza kupanga kazi.
Damu inapimwa tena tarehe 16. Bosi anataka barua ya daktari siku hiyo, kwamba naweza kazi. Bila barua nafasi yangu anapewa Balthazar, jirani yangu. Balthazar! Hajui hata kushika brashi ya waya.

Jumanne, 6 Machi
Geti la kutu hulipaki rangi hivi hivi. Unakwangua kwanza. Nimeenda Joubert Park kwa Khatibu, muuza mizizi. Nikataka ya kukwangua. Akauliza kukwangua nini. Nikamwambia alete kali tu, mengine aniachie.

Alhamisi, 8 Machi
Inakwangua. Siku mbili niko chooni. Choo ni kimoja, vyumba vinne. Balthazar akagonga akauliza kama nimehamia humo, aje achukue kitanda. Acha acheke. Kutu inatoka.

Jumamosi, 10 Machi
Sasa rangi. Ile yetu ya kuzuia kutu ni nyekundu, inapigwa mara mbili. Basi bitiruti. Kilo mbili asubuhi, mbili jioni. Marehemu mke wangu, Emérite, alinibembeleza kula mboga miaka kumi na moja. Leo angetafuta kiti akae, kwa mshangao.

Jumapili, 11 Machi
Mkojo mwekundu. Rangi imejaa mpaka inamwagika. Sharp, safi kabisa!

Ijumaa, 16 Machi
Eish. Namba za ini kwenye damu zimepanda. Daktari akauliza, baba, umekunywa nini. Nikamweleza kazi yote, hatua kwa hatua. Akavua miwani. Akasema kutu ilikuwa mfano tu, bitiruti haina kosa, mizizi ndiyo imeliumiza ini. Barua hakuna. Nirudi baada ya mwezi.
Kazini nimemkuta Balthazar na glavu zangu. Akasema pole mzee, zinanibana kidogo.

Jumamosi, 17 Machi
Nimelipata kosa. Nilikwangua mpaka Alhamisi, nikapaka Jumamosi. Ini lilikuwa bado na maji! Rangi haishiki kwenye maji, hata Balthazar anajua.
Kesho mapema kwa Khatibu. Nitamuuliza kama ana ya kukausha.