Besi Imekataa Kupanda

Jumanne, 8 Julai

Kikao cha ukoo, hapa nyumbani Ipyana. Jumamosi tunaweka msalaba kwenye kaburi la mama. Aliko, mdogo wangu, akasimama na kusema ng'ombe wa kuchinja atatoa yeye. Watu wakamshukuru, ndaga fijo, ndaga fijo, mpaka nikakosa pa kuangalia. Na mzaliwa wa kwanza ni mimi! Mdomo ukanitangulia. Nikasema nitatunga wimbo wa sauti nne, kwaya iuimbe kaburini. Dada Tulinagwe akauliza tangu lini najua kutunga. Nikamwambia aniachie. Kweli sijui hata nota moja, lakini mama hawezi kuagwa kwa ng'ombe wa Aliko peke yake.

Jumatano, 9 Julai

Kwa Mwalimu Angetile wa kwaya, na mkungu wa ndizi begani ili asinitangaze. Nimemkuta akianika kokoa, akanifundisha huku anazigeuza. Kutoka do hadi so ni ngapi? Nikasema nne. Akasema tano, do yenyewe inahesabiwa. Tukabishana mpaka kuku wakaingia kwenye kokoa. Ila tulipoimba, yeye do na mimi so, jamani! Mwili ulisisimka. Basi siri nimeipata. Nitaweka tano tupu, mwanzo hadi mwisho.

Alhamisi, 10 Julai

Wimbo tayari! Soprano inapanda, besi inapanda nyuma yake kwa umbali uleule, wote tunamfuata mama juu. Angetile akausoma, akashusha pumzi. Eti sauti zikifuatana hivyo, sikio linasikia moja tu. Eti soprano ikipanda besi ishuke, kila mmoja aseme lake huku akimsikiliza mwenzake. Nikamuuliza nani amewahi kumsindikiza marehemu kwa kushuka. Wivu tu huo! Nikachukua karatasi yangu nikaondoka.

Njiani nikamkumbuka mama akitwanga mpunga. Mimi nilikuwa napaza wimbo, yeye anashuka taratibu chini yangu. Nilidhani amechoka, maskini.

Ijumaa, 11 Julai

Mazoezi. Aliko anaimba besi. Penye maneno "mama, pumzika" inabidi apande, na kila akipanda sauti inakatika. Angetile akashauri hapo ashuke. Nikakataa katakata. Nikamwambia Aliko kama ameweza kutoa ng'ombe, so haiwezi kumshinda. Nimempa tangawizi atafune.

Jumamosi, 12 Julai

Migombani watu wamejaa. Mchungaji akaomba, msalaba ukasimikwa, tukaimba. Ubeti wa kwanza salama. Wa pili, penye "mama, pumzika", soprano wakapanda, nami na tenor wenzangu tukapanda. Aliko akafungua mdomo, machozi yakamwahi. Akashuka! Akashuka polepole, chini kabisa, na akabaki huko. Uwanja mzima ukaangua kilio. Tulinagwe akaniangukia begani akisema hapo mama ameitikia. Baba mdogo, ambaye hakulia hata siku ya mazishi, alivua kofia akajifunika nayo uso.

Mimi nililia mpaka nikashindwa kumaliza ubeti. Nililia kwa hasira. Wimbo wangu umeharibiwa mbele ya ukoo wote!

Watu wakaja kunishika mkono, wakisifu pale besi iliposhuka. Nimewaeleza mmoja mmoja kwamba lile lilikuwa kosa la Aliko.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada Aliko amekuja na nyama. Akasimama mlangoni, akaniuliza kama tunaweza kupaimba tena pale penye "mama, pumzika", sisi wawili tu, humu jikoni kwa mama. Macho yake mekundu. Nikamwambia kwanza ajifunze kupanda. Akaiweka nyama juu ya kinu, akaenda zake.

Nimekaa karibu na kile kinu nikaimba peke yangu, juu, kama nilivyoandika. Nikafika penye "mama, pumzika", nikanyamaza kusikiliza. Jikoni kimya. Wimbo mtupu kabisa, sijui kwa nini, na machozi yakaanza tena.

Nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Tulianza chini mno. Nimepandisha ufunguo wa wimbo.