Nani Anakunywa Maji ya Ihumwa?

Jumatatu, 6 Januari 2025

Bomba letu hapa Ihumwa limekauka, leo siku ya nne. Nimefungua koki, ikakohoa, ikatoa hewa. Hewa tupu!

Nimepanda kwenye kichanja cha tenki letu nikahesabu paa mpya. Thelathini na moja tangu Januari iliyopita, kutoka kwetu hadi relini. Shamba la zabibu la mzee Mazengo sasa ni fremu za maduka. Watumishi wanahamia, wanafunzi wanahamia, na wote wana kiu.

Mbaya kuliko zote ni nyumba ya Abubakari, ng'ambo ya barabara. Ghorofa, vyumba kumi na viwili. Leo amenipa shikamoo mara tatu kabla ya saa nne. Mtu mwenye moyo safi husalimia mara moja. Mke wangu Restuta anasema Abubakari humsalimia kila mtu hivyo. Basi shaka yangu ikazidi.

Miaka ishirini na saba nilitunza stoo ya serikali. Mtu anayeficha kitu namjua kwa mwendo tu.

(Mimi nina vyumba sita vya wapangaji huko uani. Huo si ujenzi. Ni familia imeongezeka.)

Jumatano, 8 Januari

Mkutano wa mtaa. Mwenyekiti wetu, Mama Flaviana, alitaka kila mtu aseme linalomkera, ili apeleke barua jijini. Mwalimu Miriam akasema darasa la kwanza wameandikishwa watoto mia mbili na kumi, na vyumba ni viwili. Joha, ambaye ana mimba ya miezi saba, akasema zahanati ina muuguzi mmoja na foleni inafika barabarani. Bibi Germana, anayeuza maandazi pale bondeni, akasema mvua ya mwaka jana ilifika kizingitini kwake, na mwaka huu anaogopa kulala.

Mama Flaviana akajumlisha: "Kila anayejenga anasema yake ni moja tu. Moja haina shida. Tatizo ni zote kwa pamoja."

Nilipiga makofi nikimtazama Abubakari. Naye akapiga makofi. Hana haya!

Ikachaguliwa kamati ya kumpokea afisa mipango miji. Nikasimama, nikajipendekeza kwa ufasaha. Wakachaguliwa Miriam, Joha na Abubakari. Abubakari! Nikauliza ni kwa misingi gani. Mama Flaviana akasema huyo kakiri mbele ya watu kwamba nyumba yake inamtia wasiwasi, na atachimba tenki la kuvunia maji ya mvua.

Mtu anayekiri bila kubanwa! Nani amewahi kuona kitu kama hicho?

Mimi nimepewa kazi ya viti.

Ijumaa, 10 Januari

Ushahidi! Nikiwa juu ya kichanja nimeona mafundi wa Abubakari wakifukia bomba jeusi kuelekea barabarani, kwenye bomba kuu la maji. Wanafukia mchana kweupe ili tusishuku. Nimeshuku.

Nikaandika barua isiyo na jina kwa mwenyekiti. Nikasaini "Mwananchi Mwenye Uchungu". Nikaipeleka mwenyewe ili isipotee njiani.

Jioni Mama Flaviana akairudisha. Alisema ile ni njia ya nyaya za umeme, ameiona kwa macho yake na fundi umeme alikuwepo. Akaongeza kwamba neno "hujuma" halina h mbili. Nilimuuliza amejuaje ni yangu. Akasema nilimkabidhi mkononi, halafu nikakaa nikanywa chai.

Jumapili, 12 Januari

Mpango mpya. Aibu ya hadharani! Baada ya ibada niliwashawishi majirani wote tupange ndoo tupu mbele ya geti la Abubakari, foleni moja, zaidi ya ndoo hamsini. Nikaandika kwenye boksi: MAJI YETU YAKO WAPI?

Saa saba boza la maji likaja. Ni la Abubakari, kaliita kwa ajili ya zege lake. Akaona foleni. Nikajiandaa kwa mapambano. Akamwambia dereva ajaze ndoo zote kwanza, zege litasubiri.

Watu wakamshangilia. Bibi Germana akamwombea dua. Kisha wakanishukuru na mimi kwa kuandaa ugawaji.

Nimejaza ndoo nne. Bado najiuliza alijuaje tungekuwa pale.

Jumanne, 14 Januari

Mvua! Imeanza saa tisa mchana, kubwa, ya upepo. Korongo likajaa, maji mekundu yakashuka barabarani yakibeba ndala, mbao na kuku mmoja aliyekuwa bado hai. Yakaingia kwa Bibi Germana. Gunia la unga, mkaa, godoro, vyote vimelowa.

Nilikimbilia huko na simu, nikapiga picha kumi na tisa. Ushahidi bora kabisa! Restuta akapita na beseni, sketi imelowa hadi magotini. "Baba Edina, weka simu mfukoni ushike ndoo."

Nikashika ndoo. Bibi Germana alikuwa amekaa juu ya meza, miguu ameinua, ameng'ang'ania kopo la hamira tu. Hakulia. Aliniuliza kama nimeona karai lake la maandazi. Sikuwa nimeliona. Nikachota maji.

Abubakari alifika na mafundi wake na viroba vya mchanga, wakaziba mlango. Viroba ishirini, tayari vimefungwa! Mtu anayejua mafuriko yanakuja ndiye anayejua yanakotoka.

Alhamisi, 16 Januari

Afisa mipango miji amekuja. Jina lake Frida, kijana, buti za mpira, hana mzaha. Nilimwahi getini kwangu na mchoro wangu wa mkondo wa maji. Mishale yote ilitoka kwa Abubakari. Nilitumia kalamu nyekundu.

Akauangalia, akaukunja vizuri. Akasema tutembee tu, tufuate tope kutoka kwa Bibi Germana kwenda juu.

Tukafuata. Mtaa mzima nyuma yetu. Tope likapita mbele ya ghorofa ya Abubakari bila kugeuka. Nikapunguza mwendo. Likavuka barabara. Nikakumbuka nina miadi. Likaishia kwenye ukuta.

"Huu ukuta ni wa nani?" akauliza.

Nikasema hilo linahitaji utafiti. Restuta akasema ni wetu.

Kumbe chini yake kulikuwa na mtaro. Mwaka juzi niliusogeza ukuta nipate nafasi ya vyumba viwili vya mwisho. Frida akapima kwa miguu: hatua tatu. Halafu akapima kuta za majirani juu yetu, tisa. Huyu hatua moja, yule nusu. Akasema kila mmoja amemega kidogo, na mtaro umekwisha. Hakuna kibali kipya mtaani hapa mpaka mtaro urudi. Kuhusu shule, zahanati na maji ataandika ripoti pamoja na kamati.

Kisha akatoa rangi akachora X nyekundu kwenye ukuta wangu. Siku kumi na nne niwe nimeubomoa.

Bibi Germana aliniangalia. Angenitukana ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Kumbe ni wewe, mwanangu."

Sikula chakula cha mchana. Cha jioni nilikula kidogo.

Jumamosi, 18 Januari

Abubakari kaja asubuhi na mafundi sita na nyundo. Shikamoo. Kasema atanisaidia kubomoa bure, na matofali yatakayopona yakainue kizingiti cha Bibi Germana. Nikauliza anataka nini. Akasema hataki kitu. Nikauliza tena. Restuta akaniambia ninyamaze, akawapelekea chai na chapati.

Saa nane ukuta ulikuwa chini. Vyumba viwili vya mwisho navyo vinaondoka wiki ijayo. Mtaro umeonekana, na hata mimi nakiri ni mtaro mzuri.

Nilisimama pale kwenye uwazi nikiwa na huzuni. Ndipo nikatazama juu. Juu kuna nafasi! Kutanuka ni kosa, Frida kasema. Lakini kwenda juu? Huko hapimi mtu kwa hatua. Vyumba sita juu ya vyumba vinne, na mabati ni yaleyale, kwa hiyo kwenye hesabu ya paa hakijaongezeka kitu.

Nilimvuta pembeni fundi mmoja wa Abubakari, Obadia. Akasema vibali vimesimamishwa. Nikamwambia nyumba ni ileile, imerefuka tu. Akakuna kichwa, akasema hata hivyo ngazi haina pa kukaa, labda nje, upande wa barabara, palepale ulipokuwa ukuta.

Nimepaangalia hadi jioni. Ngazi si ukuta. Ngazi ina uwazi chini, maji yatapita yenyewe.

Hatua tatu zinatosha kabisa.