Umeme Katika Damu ya Mwalimu Ndululu

Jumatatu, 6 Juni 1994

Siku njema! Barua ya Kiilu imefika hapa kwetu Matiliku. Tulisoma naye darasa moja. Sasa yuko ng'ambo, chuo kikuu, akipima umeme wa chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili. Anasema chembe ikimeza kidudu cha ugonjwa, hutoa protoni kupitia milango midogo mno. Protoni ndizo zinazoifanya ndimu iwe kali. Zikipita mlangoni, huo ni umeme! Mdogo ajabu. Mashine ya kuupima, anasema, ina bei kubwa kuliko shule yetu nzima. Kiilu huyu alikuwa akinakili hesabu zangu. Kama yeye anaweza, mimi je?

Na wakati umefika. Bi. Mbula, mwalimu mkuu wetu, ametangaza kwamba atakayempendeza afisa wa elimu kwenye maonyesho ya Ijumaa ndiye atakuwa mkuu wa idara ya sayansi. Tuko wawili: mimi wa fizikia na Gicheru wa biolojia. Gicheru anatengeneza chujio la maji la mchanga na makaa. Mchanga! Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Jumanne, 7 Juni

Kiilu hutumia mrija wa kioo wenye ncha nyembamba kuliko unywele. Nikachoma mirija ya maabara kwenye stovu ya mafuta ya taa, nikaivuta. Kumi na moja ikavunjika. Wa kumi na mbili ukaniunguza kidole gumba. Gicheru akachungulia dirishani, akauliza kwa upole kama nahitaji msaada. Upole wa namna hiyo ni matusi.

Nimeachana na kioo. Upande mmoja waya wa shaba, upande wa pili msumari wa mabati uliobaki tulipoezeka kanisa. Umeme ni umeme, hauchagui.

Jumatano, 8 Juni

Kiilu hufanyia kazi ndani ya kizimba cha waya ili umeme wa nje usimharibie vipimo. Nimechukua kizimba cha kuku cha mke wangu, Nzilani. Ni kweli shule haina stima, lakini mwanasayansi hachezi na bahati. Nzilani alitaka kujua kuku watalala wapi. Nikamwambia avumilie siku mbili, kwa ajili ya sayansi. Akasema, "Baba Muthoki, basi mwambie huyo sayansi akutagie mayai."

Kuku wako chumbani. Mmoja anaatamia juu ya suti yangu ya Ijumaa.

Alhamisi, 9 Juni

Nikahitaji damu. Nikaomba kidato cha tatu wajitolee. Wakatoka kupitia madirisha! Kufikia saa nne mpishi wa shule alikuwa amemwambia Mchungaji Muthama kwamba nimejiunga na waabudu shetani. Mchungaji akaja mbio, akanikuta kichwa changu kiko ndani ya kizimba cha kuku, pini mkononi. Tuliomba pamoja kwa muda mrefu.

Kisha nikajidunga mwenyewe. Matone sita katika maji ya chumvi. Nikatumbukiza waya na msumari, nikaunganisha galvanometa, kile kipima umeme chenye mshale.

Mshale UMESOGEA! Nimelia, sioni haya kusema. Kiilu na mashine yake, mimi na msumari wa kanisa! Tayari najiona nikiketi kwenye kiti cha mkuu wa idara.

Ijumaa, 10 Juni

Aibu. Nilianza vizuri. Mshale ukasogea, afisa akavua miwani, wanafunzi wakapiga makofi. Ndipo Gicheru akaomba, kwa upole wake uleule, ajaribu waya zangu katika kikombe chake cha uji. Uji wa wimbi, umechacha siku mbili. Mshale ukaruka hadi mwisho, ukagonga ukingo wa kipimo!

Afisa akaeleza mbele ya wote kwamba shaba na msumari wa mabati, ukivitia katika chochote chenye chumvi au uchachu, ni betri tu. Damu yangu haikuwa na kazi yoyote pale. Kisha akanywa maji ya Gicheru, glasi mbili, akaomba ya tatu. Bi. Mbula akamtangaza Gicheru mkuu wa idara palepale.

Iliniuma sana. Nilijificha nyuma ya maabara. Gicheru akanifuata na uji uliobaki, tukanywa. Ulikuwa mtamu, nakiri.

Jumapili, 12 Juni

Sikusikia mahubiri hata kidogo. Nilikuwa nikifikiri. Nimeulizia: yule afisa alisomea historia! Betri, eti! Mbona nisiamini macho yangu? Damu yangu ilisogeza mshale kidogo, uji ukausukuma hadi mwisho. Kwa mtu asiye na wivu maana yake ni wazi: uji una askari wengi kuliko mimi.

Nimeshaelewana na mpishi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, sufuria kubwa ya shule, lita mia mbili, na msumari wa inchi sita. Galvanometa moja haitatosha. Gicheru, kama mkuu wa idara, ametia sahihi fomu niazimwe zingine mbili. Maskini, hajui anajichimbia kaburi.